Amana ya Chombo: Funzo la Mtongwe

 

Ndugu msomaji, sisi watu wa Bofu kuvuka maji ni jambo la kila siku. Lakini ushawahi kujiuliza, pale feri inapong'oa, roho yako umemkabidhi nani?

Wazee wetu walivuka kwa mitumbwi na mashua. Mwenye mashua aliwaona abiria wake kwa macho, na chombo kikizama, alizama nao. Mwaka 1937 huduma ya feri ikaanza Likoni. Baadaye zikaja feri kubwa zaidi: MV Likoni na MV Kwale mwaka 2010, kisha MV Jambo mwaka 2017. Januari 2021 likafunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni. Maendeleo haya ni neema. Lakini tazama: kila chombo kikiwa kikubwa, roho zilizo mikononi mwa msimamizi mmoja huzidi, naye pengine amekaa ofisini, hata kanzu yake hailowi.

Sasa turudi kwa jirani zetu wa Mtongwe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya MV Mtongwe ilikuwa na nafasi ya watu 300, lakini siku ile ilibeba kama 400. Ilipinduka mita 40 tu kutoka ufukweni, masafa yasiyofika hata nusu ya uwanja wa mpira. Watu 272 walikufa. Ipo mitaa huku Likoni ambayo mpaka leo ikitajwa siku hiyo, watu hunyamaza.

Wengi husema, "Ajali haina kinga, ni kadari." Ni kweli, kadari twaiamini, na aliyekufa maji twamtarajia daraja ya shahidi. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio ategemee. Kuhesabu abiria na kufunga geti ndiko kufunga ngamia. Idadi ya 300 haikuandikwa kuwa pambo.

Tena imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), akiwa Madina, aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa sababu yeye hakumtengenezea njia. Huyo ni mnyama! Je, abiria 272?

Usidhani maneno haya ni ya wakubwa pekee. Katika Bukhari uko mfano wa watu wa jahazi: wa chini walitaka kutoboa tundu wapate maji. Wa juu wakiwaacha, wote huangamia. Wakiwazuia, wote huokoka. Mimi na wewe tunaosukumana getini tuwahi futari, tukimtukana mlinzi anayetuambia pamejaa, tundu tunalitoboa sisi wenyewe.

Vijana wenzangu, kesho nyinyi ndio mainjinia, makarani na mameneja wa miradi. Mitambo itazidi kuwa ya kisasa, lakini mtambo hauna taqwa. Taqwa ni ya anayeusimamia. Suratun Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha amana tuzirudishe kwa wenyewe. Na abiria ni amana: mrudishe kwao akiwa hai.

Ewe Mola, warehemu ndugu zetu wa Mtongwe, uzikubali saumu zetu, na utujaalie kuwa waaminifu. Amin.