Chelezo na Nakala Rudufu

Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, na hivyo istilahi zake hazikuhitajiwa sana maofisini. Mwaka 2004, Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, suala la istilahi hizo lilimfikia mtumiaji wa kawaida.

Dhana mojawapo ni ile ya kuweka akiba ya kumbukumbu zisipotee. Maneno mawili yanatumika: nakala rudufu na chelezo. La kwanza lataja umbo tu, yaani nakala ya pili. Karani aweza kuiweka ndani ya mashine ile ile. Mashine ikiungua, zote mbili zimekwenda. Chelezo, neno la wavuvi na mabaharia lenye asili moja na kuelea, lataja kazi: kubaki juu ya maji kingine kizamapo.

Kwa hiyo twapendekeza nakala rudufu iwe nakala yoyote ya pili, na chelezo iwe ile iliyotengwa mbali. Tukiyachanganya maneno haya, tutapoteza majalada, si istilahi tu.