Kutoka Osaka hadi Mandewa: Karne ya kitambaa cha Kijapani

Novemba mwaka huu wa 2026, kampuni iliyozaa magari ya Toyota inatimiza miaka 100. Hapa Singida jina hilo ni Hiace, Noah na Land Cruiser zinazopita usiku na mchana kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Nzega. Lakini kampuni ile ya mwaka 1926, iliyofunguliwa mjini Kariya na Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, haikuanzishwa kwa ajili ya magari. Ilitengeneza mashine za kufumia nguo. Na mwaka huohuo, kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida kutoka Japani hadi Afrika Mashariki.

Mambo hayo mawili nimeyaunganisha baada ya kukaa na fundi cherehani mmoja wa Mandewa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, mzee aliyekanyaga cherehani yake ya Butterfly kwa miaka mingi kuliko umri wa wateja wake wengi. Ndiye aliyegeuza mguu wa suruali ya jinzi nje ndani na kuniwekea kidole kwenye mshono wa ubavuni. Pale ambapo suruali nyingine zimepigwa ovaloki ili zisichanike nyuzi, hii ilikuwa na kingo mbili nyeupe zilizojifunga zenyewe, na ndani ya kila moja umepita uzi mwekundu. Suruali ilitoka kwenye belo la mitumba, na lebo yake ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Kwa mzee huyu, ubora wa kitambaa hauangaliwi katikati. Unaangaliwa pembeni, na pembeni pale mfumaji hawezi kukudanganya.

Ukingo ule una sababu yake. Mashine za zamani za kufuma zilipeleka uzi wa mlalo ndani ya kijumba kidogo cha mbao kilichokwenda na kurudi, kikigeuka kila kikifika mwisho. Uzi haukatwi, kwa hiyo kitambaa kinajifunga chenyewe pande zote mbili. Mashine za kisasa hurusha uzi na kuukata, hufuma haraka mara kadhaa zaidi, na hutoa kitambaa kipana karibu maradufu. Ile ya zamani hutoa upana wa sentimita 80 hivi, na suruali moja hula mita tatu. Wenye viwanda duniani walifanya hesabu na kuzitupa mashine za zamani. Wajapani wachache walizikusanya, zikiwemo za Toyoda, na leo suruali iliyofumwa humo inauzwa yen 30,000 na zaidi, karibu nusu milioni ya shilingi.

Kabla ya kufika huko, tuseme kwanza kwamba nguo ya bluu inayopauka si ngeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilibeba merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki, pamba ya India iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Msafiri wa Kizungu Stanley alikuwa nazo zote mbili mwaka 1871. Hongo ya Ugogo, yaani ada ya kupita, ililipwa kwa vitambaa hivyo. Kaniki ilikuwa nguo ya mpagazi, ya mtumwa, ya mama anayelima. Ilichuja rangi ikaacha bluu kwenye ngozi, kisha ikapauka mabegani na magotini kadiri mwenyewe alivyoishi ndani yake. Fundi wa Mandewa anakumbuka kaniki za bibi yake, na anaapa kwamba mwishoni zilikuwa na rangi ileile ya jinzi kuukuu.

Basi ikaja meli ya Kijapani, na kwa meli hiyo ukaja ugomvi ambao ningependa watoto wetu wafundishwe shuleni.

Desemba 1929, Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi, alikuwa Uingereza akitia saini mkataba na Platt Brothers wa Oldham, karibu na Manchester. Platt ndio waliokuwa mabingwa wa mashine za nguo duniani, na sasa walikuwa wakinunua haki ya kutengeneza mashine ya Mjapani, ile ya mwaka 1924 iliyobadili uzi yenyewe bila kusimama na kujizima uzi ukikatika. Bei iliyoandikwa ilikuwa pauni 100,000. Fedha hizo ndizo zinazotajwa hadi leo katika historia ya Toyota kuwa zilimsaidia Kiichiro kuanza kuchezea injini za magari. Fikiria fahari ya Lancashire ilivyoumia: jimbo lililoifundisha dunia kufuma kwa mashine linamlipa mwanafunzi wake.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1931, Japani ikaachana na kipimo cha dhahabu. Thamani ya yen ikaanguka, na nguo zake zikawa rahisi kupita kiasi. Huku Tanganyika mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaangusha bei za mazao, lakini kodi haikuanguka. Mkulima aliyebakiwa na senti chache alikwenda dukani kwa Mhindi na kuwekewa mezani vitambaa viwili, cha Manchester na cha Osaka. Alichukua cha Osaka. Hata merikani, iliyobeba jina la Marekani, sasa ilifumwa Japani.

Lancashire ikapiga kelele. Mei 1934 Walter Runciman, waziri wa biashara wa Uingereza, alitangaza kwamba makoloni yatapokea nguo za Kijapani kwa kiwango maalumu tu, kilichopimwa kwa wastani wa miaka ya kabla ya bei kuanguka. Makoloni mengi yakafuata. Afrika Mashariki haikufuata, kwa sababu haikuweza. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919, uliorithi makubaliano ya zamani kuhusu bonde la Kongo, uliwazuia watia saini kubaguana kibiashara katika eneo pana lililofika hadi pwani yetu, na Japani ilikuwa mmoja wao. Tanganyika ilikuwa na kizuizi cha pili, kwani ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na mlango wake ulitakiwa kubaki wazi kwa wanachama wote. Japani ilipotangaza kujitoa katika Shirikisho hilo mwaka 1933, wafanyabiashara wa Manchester walidhani wamepata upenyo. Mkataba wa 1919 ukawazibia.

Walidai uvunjwe. London ikasita. Mkataba huohuo uliwalinda Waingereza waliokuwa wakiuza bidhaa zao Kongo ya Wabelgiji. Uganda ilikuwa ikiwauzia Wajapani pamba. Na serikali za makoloni zilijua kwamba mtu akikosa nguo ya bei anayoiweza, hana sababu ya kulima zao la biashara. Basi meli za Osaka Shosen Kaisha zikaendelea kushusha marobota hadi vita vya Pasifiki vilipozisimamisha mwaka 1941. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa. Kwa muongo mzima, viwanda vya Lancashire vilishindwa na mnunuzi wa vijijini aliyeshika kitambaa, akakisugua kati ya vidole viwili, akauliza bei.

Baada ya vita Wajapani walirudi na kanga. Zilichapwa Japani, zikavaliwa Unguja, Tanga na Singida hadi miaka ya 1970. Nasi tukajenga viwanda vyetu: Urafiki mwaka 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma na vingine.

Huko Japani nako, mji wa Kojima katika mkoa wa Okayama ulikuwa katika shida. Mwandishi W. David Marx, ambaye kitabu chake Ametora cha mwaka 2015 ndicho nilichokitegemea kwa sehemu hii, anaeleza kwamba Kojima iliishi kwa kushona sare za shule za pamba. Nyuzi za plastiki zilipoingia, soko likawaponyoka. Kampuni ya Maruo ilianza kushona jinzi mwaka 1965 kwa kitambaa kilichoagizwa Marekani, na baadaye ikajulikana kwa jina la Big John. Mwaka 1973 Kurabo ikafuma kitambaa cha kwanza cha jinzi cha Kijapani. Mwaka 1980 Big John na Kurabo wakarudi kwenye mashine za zamani zenye ukingo uliojifunga. Miaka ya 1990 vikundi vya Osaka, Evisu na Fullcount miongoni mwao, vikaifanya kazi hiyo kuwa kama ibada. Kiwanda cha White Oak cha Marekani, kilichofuma kitambaa cha namna hiyo kwa Levi's, kilifungwa mwishoni mwa mwaka 2017. Kojima haikufunga.

Sisi, wakati Kojima inaanza kushona jinzi, tulikuwa tukibishana juu ya suruali yenyewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa Januari 1, 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameandika juu ya barua zilizofurika magazetini wakati huo, za kuunga mkono na za kupinga. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na wavae suruali. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam aliambiwa suruali yake inabana mno na kijana wa Umasaini akaambiwa suruali hana. Bugaluu zikaja na kupita. Jinzi ilivaliwa na aliyekuwa na ndugu baharia au aliyesoma nje.

Bajeti ya waziri wa fedha Cleopa Msuya ya mwaka 1984 ililegeza uagizaji, na mitumba ikaingia kwa wingi. Tangu hapo hadithi ni fupi: mlegezo, modo, jinzi za Kichina. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba, Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru ya AGOA, na Rwanda peke yake ikabaki na msimamo na kuadhibiwa mwaka 2018.

Jambo linaloniuma ni pamba. Mkoa huu unalima pamba, Iramba na Mkalama zikiwa mbele, na nyuzi nyingi za nchi hii zinasafirishwa zikiwa ghafi. Fullcount wa Osaka wanajivunia pamba ya Zimbabwe, iliyochumwa kwa mkono, yenye nyuzi ndefu. Wanaitaja kwa jina la nchi, na mnunuzi wa Tokyo analilipia jina hilo. Pamba yetu pia inachumwa kwa mkono. Mkulima wa Kinyangiri, huko Mkalama, hajui kama zao lake limekuwa shuka au suruali, na hakuna aliyejisumbua kumweleza. Kojima ilikuwa mji wa washona sare, na ilisimama kwa kukataa kutupa ufundi wake na kwa kuandika jina lake kwenye bidhaa. Hilo halihitaji madini wala bandari.

Tumrudie mvaaji. Jinzi mbichi ni ile isiyofuliwa wala kusuguliwa kiwandani. Kitambaa kinatoka kigumu kama turubai, cheusi kwa nili. Uzi wake umechovywa mara nyingi kwa muda mfupi mfupi, hivyo nili inakaa juu na moyo wa uzi unabaki mweupe. Kila msuguano unaondoa bluu kidogo: mikunjo ya mapajani inakuwa miale myeupe, nyuma ya magoti panachorwa vijumba kama sega la nyuki. Viwanda vya bei rahisi huiga alama hizo. Vilikuwa vikirusha mchanga kwa mashine hadi vijana wa Uturuki walipoanza kufa kwa vumbi mapafuni, na nchi hiyo ikapiga marufuku mwaka 2009. Dereva wa bodaboda wa Mandewa anazipata alama hizo bure. Tangi la mafuta linasugua mapaja kwa ndani, kiti kinachukua makalio, na upepo wa Singida wenye mchanga unamaliza kazi. Suruali yake inapauka tofauti na ya karani wa Osaka, na ukizitandika pamoja huwezi kuzichanganya.

Kwa bahati mbaya nyingi zinazoingia kwenye belo zimeshapaushwa na mwili wa mtu mwingine. Zile chache zilizofika karibu mbichi ndizo zinazozua mabishano kibandani kwa fundi. Vijana wanazileta moja kwa moja zibanwe ziwe modo, na kupunguza ubavuni maana yake ni kuukata ule ukingo mwekundu, kitu pekee kinachoitofautisha suruali hiyo na nyingine zote sokoni. Mzee anakataa. Yuko tayari kupunguza mshono wa ndani ya paja, na miguu ikizidi urefu anashauri ikunjwe mara mbili kwa nje ili ukingo uonekane, kama wanavyofanya Wajapani.

Kuhusu kufua hawakubaliani kabisa. Vijana wamesikia kwamba jinzi mbichi haifuliwi miezi sita. Fundi anasema jasho na vumbi la huku vinakata uzi wa mapajani kabla rangi haijapauka vizuri, kwa hiyo igeuzwe nje ndani, ifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya mche kidogo, ianikwe kivulini. Sabuni ya unga inachuja nili yote kwa mara moja. Nakubaliana naye. Na kuna jambo moja ambalo hataki hata kulijadili. Jinzi mbichi ambayo haikubanwa kiwandani inaweza kurudi nyuma kwa asilimia 10 ikiguswa na maji ya uvuguvugu, sentimita nane kwenye mguu wa sentimita 80. Kwa hiyo hapigi pindo mpaka suruali iloweshwe, ikauke na kuvaliwa, hata mteja akiwa na harusi Jumamosi.