Mlango wa Mahakama Kuu: Zaidi ya Miaka 100

Mahakama Kuu yetu ilianza kazi mwaka 1921, chini ya Waingereza, wakati Tanganyika ingali na watumwa. Wajerumani walikuwa wameagiza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru. Wazazi wao wakabaki mikononi mwa mabwana. Sheria ya mwaka 1922 ndiyo iliyoufuta utumwa bara.

Lakini kutoka utumwani ni jambo moja, na kusikilizwa mahakamani ni jingine. Mwaka 1857 Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, aliambiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kwamba mtu mweusi si raia, kwa hiyo hana haki ya kushtaki katika mahakama za shirikisho. Ililazimu ipiganwe vita na Katiba ibadilishwe ili neno hilo lifutike.

Huku kwetu mlango ulifungwa kwa namna nyingine. Mwaka 1929 wakoloni waliziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu. Msukuma wa Shishiyu aliyeshindwa katika baraza la mtemi alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa kikoloni wa wilaya, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana. Aliyemtawala ndiye aliyemhukumu.

Uhuru ulileta ngazi moja kwa wote. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba, pamoja na katazo la kazi ya shuruti, na tangu Machi 1988 zikawa za kudaiwa mahakamani.

Holaria Pastory wa Muleba alipanda ngazi hiyo. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake; mtu wa ukoo wake akapinga kwa kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimnyima haki, ya Wilaya ikampa. Mpinzani wake akakata rufaa, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ya kibaguzi inavunja Katiba.

Mama wa Shishiyu anayenyang'anywa shamba leo naye ana njia: migogoro ya ardhi sasa huanzia katika mabaraza ya ardhi, si Mahakama ya Mwanzo, na akishindwa huko asiishie hapo, kwa kuwa rufaa hufika Mahakama Kuu. Tunapoiadhimisha Mahakama Kuu, na tuulinde mlango huo usifungwe tena.