Mauti ya Mwingine: Kasoro ya Ubwege katika Albert Camus

Mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa majeshi ya Hitler, kampuni ya uchapishaji ya Gallimard ilitoa vitabu viwili vya Albert Camus, mwandishi kutoka Algeria ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30. Kimoja kilikuwa riwaya fupi, L'Étranger. Cha pili kilikuwa insha ndefu ya kifalsafa, Le Mythe de Sisyphe, iliyotoka bila sura yake kuhusu Kafka, kwa kuwa Kafka alikuwa Myahudi na wadhibiti wa Kijerumani wasingeipitisha. Tangu hapo imekuwa desturi kuisoma riwaya kwa ufunguo wa insha. Jean-Paul Sartre alifanya hivyo katika uhakiki wake wa mwaka 1943, na walimu wengi wa fasihi hawajaiacha njia hiyo hadi leo.

Makala haya yanapinga desturi hiyo. Nadai kwamba riwaya inaijua kasoro ambayo insha haiijui. Insha inauliza iwapo mtu anayo sababu ya kuendelea kuishi. Riwaya, bila kutangaza, inaonyesha yanayowapata watu walio karibu na yule anayeuliza.

Hoja ya insha ni hii. Ubwege haumo katika ulimwengu peke yake, wala haumo katika binadamu peke yake. Huzaliwa pale wawili hao wanapokutana: binadamu anadai maelezo, ulimwengu unanyamaza. Ukimwondoa mmoja wao, ubwege umekwisha. Kwa sababu hiyo Camus anazikataa njia mbili za kukwepa. Kujiua kunamfuta muulizaji. Kurukia imani, kama anavyoona kuwa Kierkegaard alifanya, kunaugeuza ukimya kuwa jibu, na hilo analihesabu kuwa kujiua kwa akili. Kinachobaki ni kuishi macho wazi, bila kukata rufaa kwa yeyote, kama Sisyphus anayelirudia jiwe lake chini ya mlima akijua fika kwamba litaporomoka tena.

Hoja hiyo ina nguvu, na haikuzaliwa katika mikahawa ya Paris. Camus alikulia Belcourt, mtaa wa walalahoi mjini Algiers. Baba yake alikufa vitani mwaka 1914, mama yake hakujua kusoma na alisikia kwa taabu, na yeye mwenyewe alishikwa na kifua kikuu akiwa na miaka 17. Kijana wa namna hiyo hawezi kulaumiwa kwamba kifo kwake kilikuwa mada ya mazungumzo tu.

Lakini tuangalie ni kifo cha nani kinachojadiliwa. Ni changu mimi, mwenye kuuliza. Hata mifano ya maisha ya kibwege anayoipendekeza, yaani Don Juan, mwigizaji na mshindi wa vita, inaelezwa kutoka upande mmoja. Hatumsikii mwanamke aliyeachwa wala jeshi lililoshindwa. Pasipo maana ya juu, anasema Camus, kinachobaki ni wingi wa maisha wala si ubora wake. Mtu mmoja akiwa peke yake kisiwani, kanuni hiyo haina madhara. Meursault, mhusika mkuu wa riwaya, hayuko kisiwani.

Karani huyu wa Algiers anajulikana kwa kauli moja anayoirudia: kwake yote ni mamoja. Mwaka 1955, katika dibaji ya toleo la Kimarekani, Camus alimtetea kuwa ni mtu anayekubali kufa kwa ajili ya ukweli, kwa kuwa anakataa kusema zaidi ya anachokihisi. Wasomaji wengi wameukubali utetezi huo. Mimi naona hauwezi kusimama mbele ya sura za mwanzo za kitabu chenyewe. Jirani yake, Raymond, ana hawara wa Kiarabu ambaye Raymond anataka kumwadhibu. Anamwomba Meursault amwandikie barua ya hila ya kumvuta yule mwanamke arudi, ili amdhalilishe. Meursault anaiandika, kwa kuwa hana sababu ya kutomridhisha Raymond. Mwanamke anakuja, anapigwa, mayowe yake yanasikika jengo zima. Marie, mpenzi wa Meursault, anamtaka aite polisi, naye anajibu kwamba hawapendi polisi. Baadaye anakwenda kituoni kutoa ushahidi kwamba mwanamke ndiye aliyemkosea Raymond, jambo alilolijua kwa maneno ya Raymond tu. Raymond anaachiwa kwa onyo.

Huo ndio ukweli ambao shujaa wetu anaufia? Kutojali kwake hakuelemei pande zote sawasawa. Kila anaposema kwamba kwake ni mamoja, mwenye kufaidika ni Raymond na mwenye kulipa ni mwanamke ambaye msimulizi hajishughulishi hata kumtaja kwa jina. Kutoka barua hiyo hadi risasi tano anazozifyatua Meursault ufukweni ni mwendo mmoja, kwani anayeuawa ni mtu aliyekuja kudai haki ya mwanamke huyohuyo. Raymond anamtaja kuwa ni kaka wa mwanamke huyo. Yeye pia hana jina. Ni Mwarabu tu.

Kisha inakuja kesi, sehemu inayosomwa zaidi na, kwa maoni yangu, inayosomwa vibaya zaidi. Husemwa kwamba mahakama inadhihirisha ulimwengu usio na maana. Ninachokiona mimi ni maana zilizozidi kipimo. Hakimu wa uchunguzi anatoa msalaba kwenye kabati na kumpungia mshtakiwa usoni. Mwendesha mashtaka anachukua kikombe cha kahawa ya maziwa kilichonywewa kando ya jeneza la mama wa mshtakiwa, sigara moja, kuogelea na mwanamke siku ya pili yake na filamu ya vichekesho, anavifuma pamoja mpaka anapata muuaji wa kuzaliwa. Mkuu wa nyumba ya wazee anaitwa, bawabu anaitwa, hata Salamano mwenye mbwa aliyepotea anaitwa. Hakuna Mwarabu hata mmoja anayepanda kizimbani kutoa ushahidi. Mtu anahukumiwa kukatwa kichwa kwa kutomlilia mama yake, na maiti ya ufukweni inasahauliwa na pande zote mbili. Conor Cruise O'Brien aliona mwaka 1970 kwamba mahakama ya kikoloni isingeelekea kumhukumu kifo Mfaransa kwa kumuua Mwarabu. Ndivyo ilivyo, na riwaya inalikiri hilo kwa kutafuta kosa jingine la kumhukumia kifo.

Yupo atakayesema Camus alikuwa kipofu wa ukoloni. Hilo halitoshi. Mnamo Juni 1939 aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Alger Républicain kuhusu njaa ya Kabylie, kwa takwimu za mishahara na nafaka. Aliwaona wenyeji. Na ndani ya L'Étranger kuna aya moja fupi inayothibitisha kwamba aliwaona, ingawa wahakiki wengi huipita. Meursault anaingizwa kwenye chumba cha mahabusu, wengi wao wakiwa Waarabu. Wanamcheka, wanamuuliza kafanya nini. Anawajibu kwamba ameua Mwarabu. Wananyamaza. Giza linapoingia, wanamweleza jinsi ya kuutandika mkeka wake na kuukunja ncha moja iwe mto.

Hapo hakuna hoja wala mahubiri. Wanaume hao wana kila sababu ya kumwacha alale sakafuni, lakini wanamfundisha kulala. Meursault hasemi lolote juu ya jambo hilo, na insha ya Sisyphus haina mahali pa kuliweka.

Camus alilitafutia mahali baadaye. Katika L'Homme révolté, mwaka 1951, anakiri tangu utangulizi kwamba ubwege ukichukuliwa kama kanuni ya kutenda unayafanya mauaji kuwa jambo lisilo na uzito, na kwamba swali la zama zake si kujiua tena, ni kuua. Anajibu kwamba anayekataa kujiua ili swali liendelee kuulizwa hana budi kuulinda uhai wa kila muulizaji. Kitabu hicho kilimgombanisha na Sartre mwaka 1952, na mengi yameandikwa kuhusu ugomvi huo. Mimi sioni haja ya kuongeza.

Mwaka 2013 Kamel Daoud, mwandishi wa Algeria, alichapisha Meursault, contre-enquête, akimpa maiti wa ufukweni jina, Moussa, na ndugu wa kumsimulia, Haroun. Sehemu yake kali, hata hivyo, haihusu jina. Haroun naye anamuua Mfaransa, siku chache baada ya uhuru wa Julai 1962. Maofisa wa taifa jipya hawaumizwi na kifo hicho. Wanachotaka kujua ni kwa nini hakuua mapema, wakati wa vita, akiwa bega kwa bega na wenzake. Waliokuja na msalaba wameondoka, wamekuja wenye bendera, na maiti bado hana wa kumuulizia.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake karibu. Katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974 na kuhusishwa mara nyingi na udhanaishi wa Kifaransa, mhusika mkuu Kazimoto anachukua njia ambayo Camus aliikataa: anajiua. Lakini anafika huko akiwa amezongwa na wazazi, ndugu, mke na rafiki, na swali la maana haliulizwi hata mara moja nje ya mzongo huo.

Ndiyo sababu nawasihi wanaofundisha ubwege katika vyuo vyetu wasianze na Sisyphus na kuishia kwake. Waiweke L'Homme révolté kwenye orodha ileile, na wawape wanafunzi ile aya ya mkeka waieleze kabla hawajaambiwa insha inasemaje.