Mpangilio wa njia na programu za kati katika seva za JavaScript

WAKULIMA wa bonde la Makanya, wilayani Same, hukusanya usiku maji ya vijito vya Milima ya Upare katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha huyafungulia mchana yateremke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Maji ya Vudee hupita Bangalala kabla ya kufika tambarare ya Makanya. Lango likijengwa chini ya shamba, haliwezi kulizuilia shamba hilo maji, kwa kuwa yamekwisha kupita.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala programu za seva zinazoandikwa kwa JavaScript. Lugha hiyo ilizaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya vivinjari. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, iliyoiwezesha kufanya kazi kwenye seva, na mwaka 2010 TJ Holowaychuk akatoa Express, kiunzi kinachotumika mno hadi leo.

Katika Express, njia ni anwani pamoja na kitendo kinachoombwa, kama vile kusoma, kuandika au kufuta. Kabla ya ombi kufika mwisho wa njia, hupitia programu za kati, ambazo mafundi huziita midoweya. Moja hufungua maudhui ya ombi, nyingine humtambua mtumiaji, nyingine hukagua ruhusa yake. Kila moja ama hutoa jibu, ama hulipisha ombi mbele. Isipofanya lolote kati ya hayo, mtumiaji hubaki akisubiri.

Express hufuata mpangilio ulioandikwa, toka juu kwenda chini, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Njia ya /wagonjwa ikitangulia programu ya ukaguzi, kumbukumbu za wagonjwa husomwa na yeyote bila nywila. Ubaya wake ni kwamba hakuna kosa linaloonekana: programu hufanya kazi, na fundi aliyekwisha kuingia kwa nywila yake hupata majibu sahihi kila anapojaribu. Vivyo hivyo, /wagonjwa/:namba ikiandikwa juu ya /wagonjwa/wapya, neno "wapya" husomwa kana kwamba ni namba ya mgonjwa.

Kinga inayofaa ni kuzigawa njia katika mafaili kwa kutumia Router, iliyokuja na Express 4 mwaka 2014, na kuweka ukaguzi kwenye mlango wa kila kundi badala ya kuurudia katika kila njia. Jibu la anwani isiyopatikana huwekwa baada ya njia zote, na mshughulikiaji wa makosa hufuata mwishoni kabisa. Express humtambua mshughulikiaji huyo kwa vigezo vyake vinne. Kikipungua kimoja huchukuliwa kuwa programu ya kati ya kawaida, na makosa humpita.

Mfano mkubwa wa mpangilio huu nchini Tanzania uko katika sekta ya afya. Wizara ya Afya hutumia OpenHIM, programu ya wazi inayosimamiwa na Jembi Health Systems ya Afrika Kusini, kupitisha taarifa baina ya mifumo ya hospitali na ile ya wizara. OpenHIM imeandikwa kwa Node.js, juu ya kiunzi cha Koa kilichotolewa mwaka 2013. Humtambua kwanza mfumo unaotuma, hutafuta mkondo unaolingana na anwani, hukagua kama mtumaji anaruhusiwa, ndipo hupeleka ujumbe. Mkondo mmoja waweza kuwa na njia kadhaa, lakini moja tu ndiyo kuu, na jibu lake ndilo humrudia mtumaji.

Hatua hizo zikipinduliwa, hasara si ya fundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.