Kutoka Wabenzi hadi Passat: ahadi ya kubana matumizi na mwananchi asiyeiamini

Tarehe 11 Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha wa Kenya, alisoma bajeti Bungeni na kutoa agizo lililozua gumzo hadi kwenye vibanda vya chai. Mawaziri na manaibu wao walitakiwa kurudisha magari makubwa ya serikali, kila mmoja abaki na gari moja lenye injini isiyozidi cc 1,800. Volkswagen Passat 120 ziliagizwa kuchukua nafasi yake. Mwezi Januari mwaka huo Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa, huku serikali ya muungano, iliyoitwa ya nusu mkate, ikiwa na mawaziri zaidi ya 40. Hakuna aliyepinga kwamba magari yapunguzwe. Wengi walichouliza ni kama waheshimiwa wangeyarudisha kweli.

Shaka hiyo haikuanza siku hiyo. Miaka michache baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki walikuwa tayari wakiwaita Wabenzi wale viongozi wapya waliopita kwa Mercedes-Benz huku wapiga kura wao wakitembea kwa miguu.

Tanzania ilijaribu kulijibu suala hilo mapema. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Julius Nyerere aliwafukuza takriban 400, lakini papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kupunguza mishahara ya wakubwa wenzake. Februari 1967 likafuata Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Ahadi ilipata kanuni iliyoandikwa, na kanuni hiyo ikadumu zaidi ya miaka 20, hadi ilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Kenya ilishika njia nyingine. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao wakiwa bado kazini. Mpaka kati ya mfuko wa serikali na mfuko wa mkubwa ukafifia, na kwa miongo iliyofuata mwananchi akazoea kusikia hotuba za uadilifu kutoka kwa watu waliokuwa wakitajirika ofisini.

Ndiyo maana ushindi wa muungano wa NARC mwishoni mwa 2002 ulileta matumaini makubwa, na ndiyo maana kuvunjika kwa matumaini hayo kuliuma sana. Mwaka 2006, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na tawi la Kenya la Transparency International zilitoa ripoti kuhusu ununuzi wa magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004. Serikali iliyoingia madarakani kwa kuahidi kukomesha ufujaji ilikuwa imetumia angalau shilingi milioni 878 kwa magari hayo, fedha ambazo kwa hesabu ya ripoti zingewasomesha watoto 25,000 kwa miaka minane.

Kwa hiyo Passat zilipofika, zilikuta wananchi wenye kumbukumbu. Agizo lenyewe lilitegemea utiifu wa wale wale lililowalenga. Baadhi ya mawaziri walikawia, wengine wakadai gari dogo halifai barabara za mashinani. Miaka michache baadaye misafara ya Prado na Land Cruiser ilikuwa imerudi.

Katiba ya 2010 ilileta jambo jipya: Tume ya Mishahara na Marupurupu, ili wabunge wasijipangie malipo. Wabunge wa 2013 hawakumaliza hata miezi mitatu kabla ya kudai warudishiwe mshahara wa zaidi ya shilingi 850,000 kwa mwezi badala ya takriban 532,000 uliopangwa na tume. Mwezi Mei wanaharakati waliachilia nguruwe na kumwaga damu mbele ya lango la Bunge. Mshahara ulibaki pale pale, lakini mapatano yakampa kila mbunge ruzuku ya shilingi milioni 5 za kununulia gari. Fedha zilizozuiwa mlangoni ziliingilia dirishani.

Machi 2014, Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto walitangaza kujikata asilimia 20 ya mshahara. Hata wangeacha mishahara yote, bili ya mishahara ya serikali yenye kufikia mamia ya mabilioni isingetikisika. Mzigo mkubwa uko kwenye safari, marupurupu, zabuni na vyeo visivyo na kazi.

Ruto alipokuwa Rais mwaka 2022, alisema atapunguza bajeti kwa shilingi bilioni 300. Machi 2023 aliteua watu 50 kuwa mawaziri wasaidizi. Hotuba haikuwazuia, Mahakama Kuu iliwazuia, Julai mwaka huo. Mwaka uliofuata vijana wa Gen Z walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakihesabu hadharani bei za saa na viatu vya wanasiasa. Makumi waliuawa. Tarehe 5 Julai 2024 Rais akatangaza kuvunjwa kwa mashirika ya umma 47, kupunguzwa kwa washauri kwa nusu na kusitishwa kwa ununuzi wa magari kwa miezi 12. Vijana wengi walipokea orodha hiyo kama babu zao wangeipokea: tutaona.

Ukiyapanga matukio haya kwa safu, fundisho moja linasimama. Ahadi iliyobaki mikononi mwa aliyeitoa ilikufa. Iliyoshika, hata kidogo, ilishikiliwa na nguvu ya nje: kanuni ya chama, uamuzi wa tume, amri ya mahakama. Tanzania inathibitisha hilo kwa upande wa pili. John Magufuli aliingia Ikulu mwaka 2015, akafuta sherehe za uhuru za 9 Desemba na kuzuia safari za nje, akashangiliwa bara zima. Lakini mwaka 2019 Bunge lilikataa kufanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Mussa Assad, na Novemba akaondolewa ofisini. Kiongozi anayebana matumizi huku mkaguzi akisukumwa pembeni anatutaka tumwamini kwa neno lake tu.

Wanasiasa hupenda kuiita shaka ya wananchi ukaidi. Historia inaonyesha ni elimu iliyolipiwa kwa kodi. Anayetaka kuaminiwa achapishe orodha ya magari, vyeo na safari anazofuta, aweke tarehe ya mwisho, kisha amwachie Mkaguzi Mkuu na Msimamizi wa Bajeti waseme hadharani kama imetimia. Hakuna sababu ya kumpigia makofi kabla ya wao kusema.