Usiku wa Kilimanjaro: Historia ya Mahali pa Kulala

Vitabu vingi kuhusu Kilimanjaro huhesabu historia ya mlima huo kwa vilele: nani alifika juu kwanza, mwaka gani, na bendera ya nani ilisimikwa. Lakini mlima wa mita 5,895 haupandwi kwa siku moja. Kila aliyefika juu alilala kwanza mahali penye mawe, baridi na upepo, na mara nyingi kuna mtu aliyetangulia kufika hapo na mzigo kichwani ili mpandaji apate pa kulala. Ukifuata kambi badala ya vilele, unakutana na watu wengine kabisa, na wengi wao ni wa Marangu, wa Machame na wa Pangani.

Wachagga, wenyeji wa mlima, waliujua msitu wake kwa kuwinda, kurina asali na kutafuta kuni. Juu ya msitu, kwenye uwanda wa vichaka na mawe, hapakuwa na jambo la kumfanya mtu alale huko. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, mwezi Mei 1848, alisimuliwa kwamba mangi (mtawala wa Kichagga) mmoja wa zamani aliwahi kutuma watu wakachunguze kile kitu cheupe, huenda ni fedha. Akarudi mmoja tu akiwa hai, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Hiyo ni miongoni mwa habari za kale kabisa zilizoandikwa kuhusu safari ya kwenda juu, na ni habari ya watu waliokwenda bila nguo za baridi na bila mahali pa kujikinga usiku.

Wazungu nao walianza kujaribu. Mwaka 1862 Carl Claus von der Decken na Otto Kersten walifika mita 4,300 hivi. Mwaka 1871 Charles New aligusa theluji akiwa na Tofiki, kijana aliyeandamana naye kutoka pwani. Wenzao waliokuwa na nguo nyepesi walishindwa na baridi njiani. Samuel Teleki alipanda juu zaidi mwaka 1887, na mwaka huohuo Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, akazuiwa na barafu. Meyer alijaribu tena mwaka uliofuata, akatekwa katika vita vya Abushiri vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, akaachiwa baada ya kulipa fidia.

Alichofanya Meyer mwaka 1889 ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Alikuwa ameona kwamba mtu anayepanda Kibo akitegemea chakula alichobeba siku ya kwanza atageuka kabla ya kufika. Kwa hiyo akapanga kambi kwa ngazi. Ya chini ilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle, penye ndizi, nyama na watu. Nyingine ilikuwa juu ya msitu. Ya tatu ilikuwa kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na kilele kingine, Mawenzi, zaidi ya mita 4,000, hema dogo kando ya mawe makubwa. Wapagazi walipanda na kushuka kati ya ngazi hizo wakipeleka chakula na kuni, na kwa njia hiyo Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, wakaweza kukaa juu zaidi ya wiki mbili.

Katika kambi ile ya juu walikuwa watu watatu. Wa tatu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wazungu wawili walipokwenda barafuni, yeye ndiye aliyebaki na hema, akawasha moto katika hewa nyembamba, akapika, akalinda vitu na kungoja. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la bahari, alivumilia usiku baada ya usiku mahali ambapo maji huganda ndani ya chombo. Na wakati huo nyumbani kwake hapakuwa shwari: Julai ya mwaka uleule majeshi ya Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann yaliushambulia mji wa Pangani na kuuteka. Meyer alimsifu katika kitabu chake, na hilo ni la heshima. Ila leo mtalii anayepanda kwa njia ya Marangu hupita Pango la Hans Meyer, hufika Gillman's Point, na huoneshwa kreta ya Reusch. Jina la Mwini Amani halimo hata kwenye kambi moja.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walianza safari kutoka kambini usiku, wakafika ukingo wa kreta mchana, wakaona kilele kiko mbali na muda umekwisha. Walirudi. Tarehe 5 wakabadilisha jambo moja: walisogea juu wakalala pangoni. Asubuhi ya tarehe 6 walikuwa kileleni. Barafu ni ileile na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali walipolala.

Marangu nayo ina kumbukumbu yake ya safari hiyo: mzee Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wenyeji walimtambua kuwa alikuwa miongoni mwa waongozaji. Heshima ya hadharani aliipata mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu kupandwa. Alifariki mwaka 1996.

Nyumba zikafuata mahema. Mnamo 1912 Wajerumani walijenga vibanda viwili kwenye njia ya Marangu, kimoja wakakipa jina la Bismarck, kingine la Carl Peters. Jina hili la pili lilikuwa tusi kwa wenyeji. Peters alikuwa kamishna Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, akamnyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, ukatili uliomfukuzisha kazi mwaka 1897. Hata hivyo wapanda mlima waliendelea kulala katika kibanda chenye jina lake kwa miongo kadhaa. Kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi, kilijengwa mwaka 1932, katika enzi ya Waingereza. Baada ya uhuru Bismarck ikawa Mandara, na Peters ikawa Horombo, jina la mangi wa Keni aliyetawala Rombo kabla Mzungu yeyote hajaiona Kibo. Nyumba za mbao zenye paa la pembetatu zinazoonekana Mandara na Horombo zilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norway, Hifadhi ya Taifa ilipokuwa ikianzishwa.

Kwa waliobeba mizigo mambo yalikwenda polepole zaidi. Mgeni alilala kibandani au hemani; mpagazi alilala pangoni. Mapango ya Shira, ya Kikelewa na ya njia ya Rongai yalikuwa malazi yao kwa miaka mingi, moto katikati, watu wakiuzunguka, moshi ukipaka masizi juu ya mwamba. Hifadhi ilipopiga marufuku kukata kuni na kulala mapangoni, msitu ulipata nafuu. Lakini mwanadamu aliyetolewa pangoni anahitaji hema, na hema hilo halikuja upesi kama marufuku ilivyokuja.

Twende Barafu, kambi ya mwisho kwa wanaopita njia za Machame na Lemosho, mita 4,673. Ni mgongo wa mwamba ulio wazi kwa upepo, hakuna mti, hakuna maji. Maji hubebwa kutoka bonde la Karanga. Vigingi haviingii, kwa hiyo kamba za mahema hufungwa kwenye mawe. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, huwa wameshafika kabla ya wageni: wameshasimamisha mesi, yaani hema la kulia chakula, na mpishi ameshabandika maji ya chai na kukaanga bisi. Maji huchemka kwa nyuzi 85 hivi, basi maharage yasipopikwa kwa sufuria ya presha hayaivi. Usiku nyuzi 10 chini ya sifuri si ajabu. Saa sita wageni huamshwa, wakaondoka na viongozi wao kuelekea kileleni. Wagumu wengi hubaki kambini, kama alivyobaki Mwini Amani.

Mzigo wa kampuni hautakiwi kuzidi kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Tangu 2003 shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, huwaazima buti na makoti bila malipo, na hukagua kama kampuni zinawalipa, zinawalisha na kuwapa hema linalofaa. Kwa kampuni zisizojali, wagumu bado husubiri wageni wamalize chakula cha jioni, meza na viti viondolewe, ndipo watandike chini ndani ya mesi, wamebanana, katika hema ambalo mara nyingi halina hata sakafu ya turubai. Hilo linaweza kumalizwa kwa hema moja zaidi kwenye orodha ya vifaa na mtu mmoja zaidi wa kulibeba, na mgeni anayelipia safari ana haki ya kuuliza, kabla hajatoa fedha, wabebaji wake watalala wapi.